Rangi ya seramiki ya kuhimili joto kwenye manifodi ya Hiace 5L: naweza kuipaka nyumbani?

UaniKizota:

Wakuu, habari za leo.

Gari ni Hiace ya injini ya 5L, dizeli isiyo na turbo. Manifodi ya eksozi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini) imeshashushwa kwa ajili ya kubadilisha gasketi, na kabla ya kuirudisha nataka kuipaka rangi ya seramiki. Sababu ni mbili. Kwanza kutu: maganda yanabanduka ukigusa tu. Pili, na hii ndiyo inayosumbua zaidi, injini ya gari hili iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo gari likipanda mlima na abiria wamejaa, joto linapanda hadi kwenye kiti cha dereva na sakafu inachoma miguu.

Vilivyopo: kompresa ya lita 50, grainda yenye brashi ya waya, oveni ya umeme ya zamani inayofika nyuzi 250, na makopo mawili ya VHT nyeusi ya kupuliza, ile ya manifodi iliyoandikwa nyuzi joto 704 hadi 1093. Kazi itafanyika uani, Kizota, Dodoma, na upepo na vumbi la mwezi huu wa nane mnalijua.

Naomba kujua: brashi ya waya inatosha kuandaa chuma, au lazima kipigwe mchanga? Maelekezo ya kopo yanataka kuoka hadi nyuzi 316 na oveni yangu haifiki huko, nifanyeje? Na je, rangi hii itapunguza kweli joto la chini ya kiti?

---

SpanaKumiNaNne:

Mkuu, nianze na maandalizi, maana rangi nyingi za joto zinazobanduka zimeharibikia hapo, kabla kopo halijatikiswa.

Brashi ya waya haitoshi. Inaondoa maganda ya kutu lakini inaacha chuma kikiwa kimeng'arishwa, laini kama kijiko. Rangi inahitaji uso wenye vijishimo vidogo vya kushika. Brashi pia inapakaza mafuta: ukipita sehemu moja yenye oili, unaisambaza manifodi nzima. Anza nayo kuondoa maganda makubwa, kisha kipige chuma kwa chembe za alumini oksaidi namba 100 au 120, au ganeti (chembe za jiwe gumu) ya saizi hiyo, kwa presha ya psi 80 hadi 100. Kompresa ya lita 50 itaishiwa upepo kila baada ya nusu dakika, kwa hiyo utapiga, utasubiri, utapiga tena. Ukiona kazi ni ndefu, ipeleke manifodi kwa mtu mwenye mashine kubwa akupigie, halafu irudi nyumbani kupakwa. Chuma kilichoiva kwa kupigwa kina rangi moja ya kijivu iliyofifia, hakuna doa jeusi wala sehemu inayong'aa.

Lakini usikimbilie kupiga. Manifodi hii ni chuma cha kalibu, nacho kina vitundu vidogo vilivyofyonza oili na masizi miaka yote hiyo. Ukiosha juu juu, oili iliyo ndani itatoka siku ya kuoka na kuisukuma rangi iote malengelenge. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kausha. Kisha weka kwenye oveni nyuzi 250 kwa saa nzima. Itatoa moshi na jasho la kahawia, hasa karibu na tundu za bolti. Iache ipoe kabisa, futa kwa kitambaa cheupe chenye asitoni, irudishe motoni. Rudia mpaka ikae saa nzima bila moshi. Hapo sasa ndipo upige mchanga. Ukianza na kupiga mchanga, unazipigilia chembe ndani ya mafuta.

Jambo moja la hatari: usioshe kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini halafu ukaingiza motoni. Ikikutana na joto kali inatoa gesi ya sumu. Tumia asitoni, na usubiri ikauke yote kabla chuma hakijakaribia moto.

Baada ya kupiga mchanga, mkono mtupu usiguse chuma tena. Mafuta ya vidole yanatosha kuacha alama ya dole gumba kwenye rangi iliyookwa. Vaa glavu za nitraili. Puliza vumbi kwa upepo mkavu (mwaga maji ya tangi la kompresa kwanza), futa kwa asitoni na kitambaa kisichotoa nyuzi, halafu nyunyiza tone la maji safi. Likitandaa na kulowesha chuma, uko sawa. Likisimama kama shanga, bado kuna mafuta, rudi kwenye asitoni. Ukiridhika, kausha kwa oveni nyuzi 100 kwa dakika 15.

Ziba kwa gundi-karatasi uso wa gasketi wote, tundu za stadi (bolti zisizo na kichwa) na sehemu ya kufungia bomba la chini, lile linalopokea moshi kutoka kwenye manifodi. Rangi ikikaa chini ya gasketi, itasagika gari likipata joto, bolti zitalegea, na utasikia eksozi inapiga "tss-tss" asubuhi. Kwa kuwa manifodi imeshashushwa, lazia rula ya chuma kwenye uso wake upime mwanya na filagaji (vibati vyembamba vya kupimia). Kama imepinda kupita kiwango cha mwongozo wa gari, ipelekwe kusawazishwa kwanza. Hakuna maana ya kupaka rangi manifodi itakayovuja.

Kuhusu vumbi la Dodoma: puliza asubuhi mapema, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, kabla upepo haujaamka. Mwagia uwanja maji nusu saa kabla. Tundika manifodi kwa waya ndani ya boksi kubwa la friji lililo wazi upande mmoja tu, ulioupa upepo mgongo. Usipulize saa saba mchana chuma kikiwa juani: kikishika nyuzi 50, rangi inakauka kabla ya kutua na unapata uso wa mchangamchanga usioshika.

Makoti ni mepesi mawili, kisha moja la tatu lenye unyevu wa wastani, na dakika 10 kati ya koti na koti. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya gololi kuanza kulia. Umbali ni kama shibiri moja na nusu. Anza na mapango na kona kati ya mabomba, malizia na sehemu zilizo wazi. Shida ya wengi ni kupaka nene wakidhani ndiyo kinga. Rangi nene inapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, kwa sababu chuma kinatanuka na rangi haitanuki kwa kiasi kilekile.

---

JotoHalipotei:

Nakubaliana na maandalizi yote hapo juu. Nataka nijibu swali la tatu, maana ndilo litakalomfanya mkuu aridhike au asikitike.

Rangi ya kopo, hata ikiandikwa "seramiki", unene wake ukishakauka ni kama maikroni 25 hadi 50, chini ya unywele wa mtu. Unene huo hauzuii joto kupita. Seramiki inayozuia joto kwa kweli ni zirkonia inayorushwa kwa mtambo wa plazma, unene wa maikroni 200 au 300, juu ya tabaka la aloi ya nikeli linaloishikisha. Hiyo ni kazi ya kiwandani. Ya kopo ni resini ya silikoni iliyochanganywa na chembe za madini. Ukiioka, sehemu yake inayoungua inaondoka na kuacha mtandao wa silika ulioshikamana na chuma. Inazuia kutu vizuri sana. Joto ni habari nyingine.

Kinachoweza kubadilika ni mnururisho, yaani joto linaloruka kutoka kwenye chuma hadi kwenye sakafu bila kubebwa na hewa. Hapo rangi ina kauli, na hapo ndipo nyeusi inakuangusha. Tuchukue uso wa manifodi uwe robo mita ya mraba, na joto lake mlimani liwe nyuzi 450. Chuma chenye kutu au rangi nyeusi kinarusha takriban asilimia 90 ya kile ambacho mwili mweusi kamili (kitu kinachorusha joto kwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana) ungerusha, yaani kama wati 3,500. Ni sawa na pasi tatu na nusu za umeme zimewashwa chini ya kiti chako. Rangi ya fedha yenye vipande vya alumini inarusha kama asilimia 40, kwa hiyo wati 1,500 na kidogo. Chuma chenyewe kitapanda joto kidogo kwa kuwa kimenyimwa njia ya kutolea, na moto mwingi zaidi utaondoka na moshi kwenda nyuma. Hilo ndilo unalolitaka.

Kwa hiyo ukibadilisha kutu kwa nyeusi, kiti hakitahisi tofauti. Badilisha makopo uchukue ya fedha, lakini soma kiwango chake: rangi nyingi za alumini zinaishia nyuzi 600 hivi, ambazo kwa dizeli isiyo na turbo zinatosha. Kwa gari la petroli lenye turbo hazitoshi, kule nyumba ya turbo inaiva hadi kuwa nyekundu.

Halafu usisahau ngao ya bati. Hiace nyingi unazikuta hazina ile ngao ya juu ya manifodi, fundi aliitoa zamani bolti zilipokatika na haikurudi. Bati la alumini la milimita moja, likiacha nafasi ya hewa ya sentimita moja na nusu kutoka kwenye manifodi, upande unaong'aa ukitazama moto, litafanya kazi kubwa kuliko kopo lolote. Hewa ipite chini na juu, usiibane. Angalia pia insulesheni ya chini ya kifuniko cha injini kama bado ipo na raba yake ya pembeni haijakatika, kwa sababu hewa ya moto inapanda ndani kupitia pale. Kwa pesa ileile, mimi ningeanza na ngao na raba, ndipo rangi.

---

UaniKizota:

Nashukuru sana wakuu. Kweli ngao haipo, zimebaki bolti mbili zilizokatika. Nyeusi nitaiweka kwa kazi nyingine, nitafute ya fedha.

Bado sijaelewa kuoka. Kopo la VHT linasema nyuzi 121 dakika 30, ipoe dakika 30, nyuzi 204 dakika 30, ipoe, halafu 316 dakika 30. Nimeambiwa pia naweza kuifunga kwenye gari na kuwasha tu, injini iive yenyewe. Kipi ni sahihi?

---

MkaaNaPipa:

Vyote vimo kwenye maelekezo, lakini kwa dizeli kuna mtego, mkuu. Njia ya gari inasema washa injini sailensa (bila kukanyaga mafuta) dakika 10, izime ipoe dakika 20, washa dakika 20, ipoe 20, kisha ifanye kazi dakika 30. Kwa petroli inakubali. Dizeli ikiwa sailensa inavuta hewa nyingi na kuchoma mafuta kidogo sana, kwa hiyo moshi wake unatoka na nyuzi 100 na kitu tu. Unaweza kuiacha inanguruma kutwa nzima na manifodi isifike 200. Rangi inabaki laini, tone la dizeli likidondoka linaiondoa, na lawama zinaenda kwenye kopo.

Kwa hiyo gawanya kazi. Oveni yako ifanye hatua ya 121 na ya 204. Ongeza na ya tatu hapo 250 kwa saa nzima, ingawa haiko kwenye kopo, kwa sababu inasaidia. Usiruke vituo: ukienda moja kwa moja 250, thina iliyobaki chini ya ngozi ya rangi inachemka na kutoboa vitundu, na kila kitundu ni mlango wa kutu. Rangi ikae saa moja baada ya koti la mwisho kabla ya kuingia oveni. Ndani ya oveni manifodi itundikwe au isimame kwenye ncha za bolti, isilale kwenye wavu, na isikae karibu na waya wa umeme unaowaka. Harufu itakuwa kali, kwa hiyo oveni iwe nje, na isipikiwe chakula tena maishani.

Hatua ya 316 una njia mbili. Moja ni barabara: funga manifodi, beba mzigo, panda mlima wa kweli kwa nusu saa bila kusimama. Barabara ya Kondoa ukielekea Kolo na Bereko ina vilima vya kutosha. Tambarare ya kwenda Bahi haitakupa joto hilo.

Ya pili ni pipa la lita 200. Kata mfuniko wa juu, weka mkaa kwenye karai la chuma chini kabisa, juu yake bati zito la kugawa moto ili cheche na mwali visiguse rangi, kisha wavu, kisha manifodi. Toboa matundu manne ya kidole chini na mawili kwenye mfuniko, uwe unaongeza na kupunguza joto kwa kuyaziba kwa udongo. Kilo mbili za mkaa uliokwisha kushika, usio na moshi, ni mwanzo mzuri. Ongeza taratibu. Pipa liwe limechomwa tupu kwanza kuondoa mabaki ya oili. Na tafadhali, pipa lililowahi kubeba petroli au thina lisiguswe na grainda likiwa na mvuke ndani, linalipuka. Tafuta lililokatwa tayari, au lijaze maji mpaka karibu na mstari wa kukatia.

Kupima joto, usiamini kile kipima cha kulenga chenye taa nyekundu kwenye rangi ya fedha. Kinasoma chini kwa sababu uso unaong'aa hautoi mnururisho wa kutosha: kinaweza kukuambia 200 wakati chuma kiko 300. Tumia waya wa kupimia joto wa aina ya K unaochomekwa kwenye multimita, uliovikwa ala ya nyuzi za kioo na si plastiki, ncha yake uifunge kwa bolti kwenye manifodi yenyewe.

Kabla ya kuoka, rangi ikikwaruzika kwa ukucha usishtuke, ndivyo ilivyo. Baada ya hatua ya mwisho isugue mara ishirini kwa kitambaa chenye asitoni. Kitambaa kikitoka na rangi, haijaiva, irudi motoni.

---

GlavuNyeusi:

Kaka, niongeze la afya kwa sababu halijasemwa. Usitumie mchanga wa mtoni au wa kujengea kwenye mashine ya kupigia. Mchanga huo ni silika, na ukipasuka unakuwa vumbi lisiloonekana linaloganda kwenye mapafu na halitoki tena. Ugonjwa wake hauna tiba. Ukikosa alumini oksaidi, subiri mpaka uipate. Hata ukiwa nayo, vaa barakoa ya vichujio vya P100, kwa sababu kutu na masizi vinaruka pamoja nayo. Wakati wa kupuliza rangi, badilisha uweke kichujio cha mkaa cha mivuke, kile cha vumbi hakizuii thina. Barakoa ya kitambaa haifanyi kazi yoyote hapa. Watoto na kuku watoke uani.

Na ile nyeusi iliyobaki usiimalizie kwenye breki. Kwenye diski, sehemu inayosuguliwa na pedi haipakwi kitu chochote, na wala pedi yenyewe.

---

UaniKizota:

Dada, ahsante, nilikuwa tayari nimechekecha mchanga. Nitauacha.

La mwisho: nikishapaka, naweza kuzungushia kitambaa cha joto juu ya bomba la chini ili kuongeza nguvu?

---

JotoHalipotei:

Kwa 5L usifanye, mkuu. Kitambaa kinashika joto ndani na pia kinashika maji. Ukivuka dimbwi masika, bomba la chuma cha kawaida linakaa na unyevu siku nzima na kuoza kutoka nje, hata likiwa na rangi. La pili ni moto: injini hizi zikizeeka zinavuja oili kwenye kifuniko cha valvu, kitambaa kinaifyonza kama utambi, na kiko chini ya kiti chako.

Bomba la chini lipake fedha kama manifodi. Kwenye zile bolti mbili zilizokatika, chomelea nati juu ya kila kisiki, kizungushe kikiwa bado cha moto, kitatoka. Fanya hivyo kabla ya kupiga mchanga. Ukirudisha, paka grisi ya shaba kwenye stadi, gasketi iwe mpya, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, na ukaze tena injini ikishapoa baada ya ile safari ya kwanza ya mlimani.